Kikundi kinabebwa na watu watatu: nitawapataje viongozi wengine wa kujitolea?

*Swali: Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha kijamii katika bonde la mto Nyamwamba, Kasese, Uganda. Tulianza baada ya mafuriko ya Mei 2020. Tunasafisha mitaro, tunapanda miti na mianzi kando ya mto, tunatoa taarifa maji yakipanda, na tuna sanduku la akiba. Tuko watu wazima na vijana, kuanzia watoto wa Senior Two (kidato cha pili) mpaka wenye familia zao. Shida ni kwamba kazi yote tunaifanya watu watatu, na sote tumepita miaka 50. Vijana wanakuja kwa wingi, lakini baada ya mwezi hawaonekani. Watu wazima wanauliza posho iko wapi. Nifanye nini ili nipate viongozi wa kujitolea, wakubwa na vijana, ambao watabaki? Tena binti yetu hodari kuliko wote anakwenda chuo kikuu Kampala mwezi wa nane. Je, nilipoteza muda kumfundisha?*

Mama Mwenyekiti, pole kwa mzigo, na hongera kwa kuushika mpaka leo. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na kila mara jicho linasimama kwenye maneno haya: "vijana wanakuja kwa wingi." Basi watu mnao. Vikundi vingi vinavyoniandikia havina hata hao. Kwenu tatizo ni kwamba mtu akishafika hakuna kazi anayoweza kuishika mwenyewe, akaiamulia, na akaulizwa yeye ikiharibika. Yote nitakayokueleza yanatoka hapo.

Kabla ya kikao kijacho, kaeni nyinyi watatu na daftari. Andikeni kila kilichofanyika mwezi uliopita, hata vitu vidogo: nani alimpigia simu mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), nani aliazima sepetu, nani alinunua kufuli, nani alipanga siku ya kusafisha mtaro, nani ana namba ya afisa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, ufunguo wa sanduku unalala kwa nani. Mbele ya kila jambo andikeni jina. Naamini yatakuwa majina yale yale matatu, na lako litaongoza. Sasa mfikirie kijana wa miaka 18 aliyekuja Jumamosi tatu mfululizo. Alichimba, alibeba mawe, wageni walipokuja alisimama kwenye picha, akapewa soda. Jumamosi ya nne mama yake anamhitaji shambani. Asipokuja kwenu, kitaharibika kitu gani? Hakuna, na yeye analijua hilo. Kijana huyo si mvivu. Amepima tu mahali anapohitajika zaidi, akaenda huko.

Mtafiti Roger Hart, aliyeandikia UNICEF mwaka 1992, alichora ngazi yenye vipandio 8 kueleza jinsi watoto na vijana wanavyoshirikishwa. Vipandio vitatu vya chini hakuvihesabu kabisa kuwa ushirikishwaji: kuwasukuma vijana wafanye matakwa ya wakubwa, kuwatumia kama mapambo ya sherehe, na kumweka mmoja wao kiti cha mbele ilhali hana sauti. Hapa kwetu Uganda vyote vitatu tunavifahamu. Watoto wamevalishwa fulana za mradi, wanaimba, wanapigiwa makofi, halafu wanaambiwa watoke nje ili wakubwa wazungumze. Hatuna upungufu wa sheria. Sheria ya Baraza la Taifa la Vijana ni ya mwaka 1993 na mabaraza yake yanaanzia kijijini, na katika kamati ya LC1 kijana ana kiti chake. Ila unaweza kukaa kwenye kiti hicho miaka mitano bila kuamua hata jambo moja.

Tuchukue kazi yenu ya kutoa taarifa za maji, maana hapo naona pa kuanzia. Wewe unaujua Nyamwamba kuliko mimi. Mvua inayoleta maafa hunyesha juu milimani, na huku chini watu wanaweza wasipate hata tone moja. Mei 2013 na Mei 2020 mliona maji hayo yanavyoshuka na mawe na magogo, yakabomoa nyumba na madaraja, na hospitali ya Kilembe nayo ikaharibiwa. Sasa mlinzi wa zamu akiona saa nane usiku kwamba maji yamechafuka na yanapanda, anafanya nini? Katika vikundi vingi jibu ni "anampigia mwenyekiti." Na mwenyekiti amelala, au simu haina chaji, au mtandao hakuna.

Ushauri wangu ni huu. Mlinzi wa zamu, awe na miaka 19 au 60, apewe filimbi na ruhusa kamili ya kuipuliza bila kumuuliza mtu yeyote. Tangaza jambo hilo mbele ya kijiji kizima, mwenyekiti wa LC1 akiwepo: "Huyu akipuliza, tunahama. Hatuulizi kwanza nani kamtuma." Kisha ujiandae kwa usiku ambao atapuliza na maji yasifike. Utafika tu, kwa sababu mto haujulikani. Asubuhi yake wewe mwenyewe, kwa miguu yako, nenda nyumbani kwake ukamshukuru watu wakisikia. Wazee wakimcheka, au wewe ukimuuliza kwa sauti ya ukali kwa nini aliwaamsha watoto bure, hatapuliza tena, na wenzake watakataa zamu. Mimi ningebadilisha mafunzo yote ya siku tatu yenye chati na kalamu za rangi kwa asubuhi moja kama hiyo iliyoshughulikiwa vizuri.

Kila kazi mliyonayo ina filimbi yake, yaani uamuzi mmoja ambao mwenye kazi anaufanya bila kuomba ruhusa. Anayesimamia miti aamue leo wanapanda upande gani wa mto. Anayetunza vifaa aamue nani aazimwe na nani anyimwe. Kwenye pesa wekeni kiwango: mpaka shilingi 20,000 mwenye kazi anatumia na kuleta risiti, zaidi ya hapo inakwenda kamati. Hata mkisema 5,000, ni sawa. Kinachotakiwa ni kuwe na kiwango, kijulikane, na kisikiukwe na mkubwa yeyote.

Ili hayo yawezekane, kazi lazima ikatwe vipande. Watazame VHT, wahudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji chenu. Wizara ya Afya iliwaanzisha mwaka 2001, na mpango ni kwamba mmoja aangalie kaya 25 mpaka 30. Ndiyo maana mama asiye na cheti chochote ameiweza kazi hiyo: nyumba zake anazijua, anajua mtoto gani hajamaliza chanjo na mzee gani anakohoa wiki ya tatu, na eneo lake analizunguka kwa miguu. Lakini VHT hao hao wanatuonyesha na hatari. Kila mradi unaoingia kijijini, wa vyandarua, wa lishe, wa usajili, unamtafuta yule yule kwa sababu tayari anajulikana, mpaka anachoka na nyumba yake mwenyewe inayumba. Kwa hiyo kwenu iwe mtu mmoja, kazi moja. Mtu mwema akija kuomba ya pili, mkatalieni kwa upole, na hiyo ya pili mtafutieni mtu mwingine.

Kazi iandikwe kwenye nusu karatasi, kwa lugha ile mnayogombana nayo kikaoni, iwe Kiswahili au Lukonzo. Nakuandikia moja uione:

"Mtunza vifaa. Kila Ijumaa jioni anahesabu sepetu, panga, toroli na gambuti. Anaandika aliyeazima na siku ya kurudisha. Anadai kilichochelewa. Muda: kama saa moja kwa wiki. Anaamua mwenyewe: nani aazimwe, na kutengeneza mpini kwa pesa isiyozidi shilingi 10,000. Mlezi wake: (jina). Anaanza Februari, anamaliza Julai. Kabla ya kumaliza anamfundisha atakayemfuata."

Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazofanya kazi kubwa. Watu wetu wanaogopa kujitolea kwa sababu wameona: ukikubali leo, utakufa nacho cheo. Mtu akijua kuna mwezi wa kutoka, anaingia bila wasiwasi, na wengi wakifika mwisho wanaomba wenyewe kuendelea. Na akijua tangu siku ya kwanza kwamba kumfundisha mwingine ni sehemu ya kazi, hataficha ujuzi.

Vijana wakizidi kumi, msiwaweke katika kundi moja kubwa chini ya mtu mzima mmoja. Skauti wamekuwa na jibu lao tangu kambi ya kwanza ya Baden-Powell mwaka 1907: vijana wagawanywe katika vikosi vidogo, sita mpaka wanane, kila kikosi na kiongozi wake aliye rika lao, na mtu mzima azungumze na kikosi kupitia kwa kiongozi huyo. Bila shaka mna kijana aliyewahi kuwa skauti shuleni. Muulizeni, atawaeleza vizuri kuliko mimi.

Sasa, mtawapataje? Usisimame kanisani au msikitini ukauliza "nani atajitolea?" Watanyamaza, au atanyoosha mkono yule anayependa kuonekana. Kura nayo ina mahali pake. Mwaka 2018 tulipanga mistari nyuma ya wagombea wa LC1, na kwa nafasi ya kuwasemea watu hiyo ni njia halali. Ila mstari mrefu unakuonyesha nani ana ndugu wengi na marafiki wengi. Haukuonyeshi nani atakumbuka kuhesabu gambuti siku ya Ijumaa. Kwa kazi hizi ndogo, tazama kwanza. Siku ya kusafisha mtaro, kazi ikiisha na watu wakaanza kutawanyika, angalia nani anabaki kuosha sepetu bila kuambiwa. Angalia nani anajua majina ya wenzake. Msikilize pia yule anayenung'unika kila mara kwamba mambo hayaendi sawa, maana mara nyingi huyo ndiye anayejali, ila hajapewa pa kushika. Vijana wa steji ya boda boda msiwasahau. Wanajua kila njia, wana simu, na wamezoea kuwa na mwenyekiti wao na kanuni zao.

Ukishamwona mtu, nenda kwake. Kama ni mwanafunzi, kaa kwanza na wazazi. Mwambie kwa jina la kazi na sababu: "Nimekuona unavyoosha vifaa na kuvirudisha. Tunahitaji mtunza vifaa kwa miezi sita. Ni saa moja kwa wiki. Fikiria, nitarudi Jumapili." Kisha rudi Jumapili kweli. Mtu aliyefuatwa nyumbani kwa kazi iliyotajwa ana jibu tofauti kabisa na aliyesikia tangazo.

Huko Marekani vilabu vya vijana vya 4-H, vilivyoanza mwanzoni mwa karne ya 20 miongoni mwa watoto wa wakulima, vinaendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Mwaka 1971 Milton Boyce aliwaandikia hatua saba za kumkuza kiongozi wa aina hiyo: kumtambua, kumchagua, kumwelekeza, kumfundisha, kumpa kazi, kumtunuku, na kutathmini naye kazi ilivyokwenda. Hatua zenyewe si siri kubwa. Lakini zipime na mlivyofanya nyinyi, na tunavyofanya sisi wengi. Tunamchagua, tunampa kazi. Tano zilizobaki tunaziruka, kisha tunashangaa anapotoweka. Kumwelekeza pekee, yaani kumweleza kikundi kilianzaje, pesa inatoka wapi, nani aligombana na nani mpaka mipaka ya kupanda miti kando ya mto ikakubaliwa, ni mazungumzo ya jioni moja, na mgeni asiyepewa jioni hiyo hubaki mgeni mwaka mzima.

Kufundisha msikufanye kuwe warsha. Kufanyike kazini, kwa zamu nne. Kwanza unafanya, yeye anaangalia. Kisha mnafanya pamoja. Kisha anafanya yeye, wewe unaangalia. Mwisho anafanya peke yake, na mnakutana baadaye kuzungumza. Zamu ya tatu ndiyo ngumu, na inamshinda mkubwa kabla ya kumshinda kijana. Tuseme ni siku ya akiba. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, kama desturi ya vikundi hivi inavyotaka. Leo kijana wa miaka 20 ndiye anayesimamia hesabu. Anahesabu noti kwa sauti, anafika mwisho, jumla haifanani na ya daftari, imepungua 2,000. Wote wanageuza macho kwako. Wewe unajua kosa liko wapi, maana umeona amesahau sarafu za mfuko wa jamii. Kaa kimya. Tazama chini. Mama mmoja akikuuliza "Mwenyekiti, vipi?", mjibu "Muulize msimamizi." Atatokwa na jasho, atahesabu upya, atakumbuka zile sarafu. Dakika nne au tano hivi, mama, na baada ya hapo kikundi kizima kimemwona akiivuka. Ungemsaidia, wangebaki wanakutazama wewe kila mwezi.

Hapo naingia kwa watu wazima, kwa sababu ukweli ni kwamba wao wanahitaji kufundishwa zaidi ya vijana. Wazee wenu watasema penye wazee hapaharibiki neno. Wana haki. Ninyi ndio mnaokumbuka mto ulikuwa unapita wapi kabla haujahama, na nani aliuza shamba lipi. Kumbukumbu hiyo hakuna kijana aliyenayo. Basi wapeni wazee kazi ya ulezi, nayo iandikwe kama kazi nyingine: kukutana na kijana wake mara moja kila wiki mbili, kumsikiliza kwanza, kumuuliza angefanya nini, na kutojibu swali ambalo ameulizwa kijana. Hilo la mwisho lifanyeni kanuni ya kikao. Mwenyekiti akiulizwa jambo lenye mwenyewe, analipeleka kwa mwenyewe.

Mtu mzima anayesema hawezi kuongozwa na mtoto wa jana, usimlazimishe. Mpe kazi ya ujuzi wake. Fundi seremala atengeneze vigingi vya kupimia kimo cha maji. Mwenye duka atunze betri na tochi. Katekista na imamu watoe matangazo. Wengi wa watu wazima wanaouliza posho hawajawahi kuombwa kitu wanachokijua vizuri. Wameombwa kuja kikaoni, kukaa kwenye benchi, na kusikiliza.

Na posho yenyewe tuizungumze wazi. Miradi imetuzoesha bahasha ya nauli, na mtu maskini akiuliza hafanyi kosa. Siku yake ya kazi ina thamani. Tofautisheni mambo mawili. Gharama ambayo mtu anaitoa mfukoni kwa ajili ya kazi ya kikundi, kama salio la simu ya mlinzi wa mto au boda ya kwenda ofisi ya kaunti ndogo, irudishwe yote, siku hiyo hiyo, na iandikwe. Hakuna mwanakijiji anayepaswa kulipia haki ya kujitolea. Malipo ya kukaa kikaoni msiyaanze, hata mfadhili akiwapa, kwa sababu siku mfadhili akiondoka kikao kitaondoka naye. Kama mfadhili analeta pesa za nauli, tangazeni kiasi mbele ya wote kabla hazijagawanywa. Kinachovunja vikundi ni kusikia baadaye, kwa uvumi, kwamba watatu walipata na wengine hawakujua. Na kwa kuwa wale watatu ni nyinyi, jilindeni kwa uwazi zaidi ya wote.

Kumtunuku mtu kunaweza kufanyika bila shilingi. Barua yenye mhuri wa kikundi inayosema alifanya nini, kuanzia mwezi gani hadi gani, ni mali kwa kijana anayetafuta kazi au nafasi ya masomo. Andikeni kazi halisi: "alisimamia hesabu ya vifaa, alifundisha watu wawili." Isomeni wazazi wake wakiwepo.

Jambo linalofuata naomba ulichukue kwa uzito wote. Kwa sheria ya Uganda kijana ni wa miaka 18 mpaka 30. Watoto wenu wa Senior Two ni watoto, na kuwachanganya na watu wazima katika kazi ya kujitolea kunawapa ninyi wajibu. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, wakati wote wawepo wakubwa wawili. Mzazi akubali, tena kwa kuambiwa ana kwa ana. Ujumbe wa simu kwa mtoto upite kwenye kundi ambalo mzazi yumo, usiwe wa faragha. Zamu za usiku mtoni ni za waliotimiza 18 tu. Kikao chenye wasichana kiishe mapema ili wafike nyumbani kungali na mwanga. Na kila mtoto na kila mlezi ajue namba 116 ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, ambayo ni bure, na ajue kwamba akiona jambo baya hatakiwi kulimalizia ndani ya kikundi. Mtu mzima anayeudhika na kanuni hizi msimpe ulezi, hata awe na heshima kiasi gani.

Kuhusu wasichana, tazama nani anapika siku ya kazi. Nimekaa katika vikao vingi ambavyo vijana wa kiume wanajadili mpango huku wasichana wakiwa jikoni na chai, na baadaye mwenyekiti ananiuliza kwa nini wasichana hawaongei. Pikeni kwa zamu, wanaume wakiwemo. Na msimpe kila binti ukatibu kwa sababu ana mwandiko mzuri.

Panga kazi kwa kalenda ya watu wenyewe. Wanafunzi wanapatikana likizo. Muhula wa tatu, wakati wa mitihani ya UCE na UACE, usitegemee mtu wa Senior Four au Senior Six. Lakini akishamaliza Senior Six, mwezi wa kumi na mbili, ana miezi mingi nyumbani kabla ya chuo kikuu kufunguliwa mwezi wa nane, na hapo ndipo mahali pa kumpa kazi nzito kuliko zote. Msimu wa kuchuma kahawa watu wazima watapungua, kwa hiyo kazi za msimu huo ziwe chache. Mihula ya uongozi ya miezi sita inakubaliana na maisha haya kuliko ya miaka miwili.

Siasa nitaigusa tu. Uchaguzi unarudi kila baada ya miaka mitano, na mtu aliyejulikana kwa kujitolea huombwa na wanasiasa awaletee watu. Haki ya kugombea ni yake. Andikeni mapema kwamba anayeingia kwenye kampeni anakabidhi kazi na ufunguo mpaka uchaguzi uishe, na fulana za kikundi hazivaliwi kwenye mikutano ya chama chochote.

Umeniuliza kama ulipoteza muda kwa binti anayekwenda Kampala. Hapana. Hukupoteza hata saa moja. Wilaya zetu zitaendelea kuwapeleka mijini watoto walio hodari, na kikundi kinachowanyima mafunzo kwa kuhofia watahama kitabaki na watu ambao hawakufundishwa. Mkitaka kumwombolezea, ombolezeeni kuondoka akiwa na kila kitu kichwani mwake. Mpaka sasa ni nani mwingine anayejua anavyoandika ripoti ya kaunti ndogo? Ni nani mwingine mwenye namba za walinzi wa juu Kilembe?

Kaa naye wiki hii. Mwombe achague mwenyewe watu wawili wa kumrithi, mmoja kijana na mmoja mtu mzima, na usiyakatae majina yake hata kama wewe ungechagua wengine. Kuanzia mwezi wa sita kazi ifanywe na hao wawili, yeye akae nyuma. Mwezi wa saba asije kikaoni kabisa, ingawa bado yuko nyumbani, ili pengo lionekane angali karibu na anaweza kupigiwa simu. Siku ya kukabidhi asome orodha ya vitu mbele ya wanachama: daftari, namba za simu, ufunguo, nakala ya ripoti. Waliopokea wasaini. Mumwache kwenye kundi lenu la simu akiwa Kampala, bila cheo, na akirudi likizo ya Desemba mumwombe awafundishe viongozi wapya wa vikosi siku mbili. Watakuwepo wa kufundishwa ikiwa wewe, kabla ya hapo, utakuwa umeutoa ufunguo wako mwenyewe mfukoni na kumpa mtu aliye chini ya miaka 30.